Dakika Tatu

Kozi zangu 5 nilikuwa nimeziandika kwenye karatasi, kila moja na msimbo wake, nikaibandika ukutani juu ya meza. Usajili ulikuwa unafunguliwa saa 6:00 usiku. Nne kati ya hizo hazikunitia wasiwasi. Ya kufa na kupona ilikuwa Takwimu: kozi ya lazima, inafundishwa muhula mmoja tu kwa mwaka, ina nafasi 60, na usipoifaulu huruhusiwi kuanza mradi wa utafiti. Nilikuwa mwaka wa tatu.

Saa 6 kamili nikaingiza namba ya usajili na nywila. Kiduara kikaanza kuzunguka, kikazunguka weee, kisha ukaja ukurasa mweupe: 503, huduma haipatikani kwa sasa. Kwenye korido nikasikia watu wakiguna chumba baada ya chumba, maana wote tulikuwa tumegonga mlango mmoja kwa wakati mmoja. Tukafanya kile ambacho kila mtu hufanya: kupakia upya, na upya tena. Wakati ule sikujua kwamba unapobonyeza mara ya pili, seva, yaani kompyuta inayoendesha mfumo wa usajili, huenda bado inahangaika na ombi lako la kwanza, nawe unaibebesha jingine juu yake.

Saa 6:11 nikapenya. Takwimu ilikuwa imebakiza nafasi 9. Nikatia alama kozi zote 5, nikabonyeza Wasilisha. Kiduara tena. Dakika ikapita, na nyingine, halafu: "Muda wako umekwisha. Tafadhali ingia upya." Nikaingia. Safari hii ukurasa ulifunguka nusu. Vitufe vimerundikana pembeni, maandishi yamepandana, kozi 4 zina alama na mstari wa tano haupo. Nikajua ni mtandao tu unasumbua, nikabonyeza Wasilisha kabla haujakatika tena. Jibu likaja papo hapo kwa maandishi ya kijani: "Usajili wako umekamilika." Ile rangi ya kijani ndiyo iliyonilaza usingizi.

Wiki ya pili ya masomo mhadhiri wa Takwimu aliita majina. Langu halikuwemo.

Ofisi ya usajili ilikuwa na foleni hadi nje. Zamu yangu ilipofika nilimkuta mama mmoja wa makamo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nini tena?"

Nikamweleza. Akaigeuza skrini nione mwenyewe. "Mfumo unasema kozi 4. Takwimu hukuichagua."

"Niliichagua, mama."

"Una ushahidi?"

Sikuwa nao. Mfumo ulikuwa umeniambia usajili umekamilika, nikauamini.

Aliyenisaidia ni kijana wa kitengo cha kompyuta, ambaye alikubali kufungua kumbukumbu za seva za usiku ule. Tuliinama pamoja mbele ya mistari ile, yeye akiifuata kwa ncha ya kalamu. Saa 6:11, kozi 5 zimepokelewa na kuhifadhiwa, Takwimu ikiwemo. Jibu la kuniarifu ndilo lililopotelea njiani. Saa 6:14, kutoka kwenye akaunti ile ile, orodha mpya ya kozi 4. Mfumo uliihesabu orodha ya pili kuwa masahihisho ya ile ya kwanza, ukaiondoa Takwimu, na nafasi ikaenda kwa mwingine.

"Ulikuwa umesajiliwa, mdogo wangu," aliniambia. "Ulikaa humo dakika 3."

Hilo liliniuma kuliko kukosa kabisa. Na hadi leo kuna jambo sijalikubali: mfumo ulioshindwa kunionyesha orodha nzima ulipata wapi haki ya kuipokea nusu yake kama uamuzi wangu? Kabla ya kumwondolea mwanafunzi kozi ya lazima, swali moja tu lingetosha: una uhakika unataka kuiacha Takwimu? Mstari mmoja ule ungeniokolea mwaka mzima, maana mwaka mzima ndio niliousubiri.

Kijana yule alinichapishia mistari ile, nikairudisha ofisini. Mama aliisoma polepole, akavua miwani, akanipa pole. Ilikuwa pole ya kweli, niliiona usoni mwake. Lakini nafasi 60 zilikuwa zimejaa, na muda wa kubadilisha kozi ulikuwa umefungwa Ijumaa iliyopita. Akachapisha fomu yangu ya kozi 4, akanisogezea na kalamu. Juu ya mstari wa saini palikuwa pameandikwa: "Ninathibitisha kwamba kozi hizi nimezichagua mwenyewe."

"Mama, hii si kweli."

"Najua, mwanangu. Lakini usiposaini, hata hizi 4 zitafutwa."

Nikasaini.