Mtoto wa gauni la bluu

Wateja wangu hapa Kirumba, Mwanza, huniletea picha ya mtoto kwenye simu, na maagizo mawili: mtoto acheke, na nyuma yake niweke Jiwe la Bismarck, lile mwamba la ziwani. Nimelichora jiwe hilo mpaka mkono unakwenda wenyewe.

Halafu kwenye simu nikakutana na binti aliyechorwa na Modigliani. Nilimtazama usiku ule mpaka bando likakata. Mchoraji huyo, Amedeo Modigliani, alizaliwa Livorno, Italia, akafia Paris Januari 1920, kifua kikuu kimeshapanda kwenye ubongo, ana miaka 35 tu. Mwaka 1918, Vita ya Kwanza ya Dunia haijaisha, alikwenda kusini mwa Ufaransa, na huko akachora watoto na watu wa kawaida. Mmojawapo ni huyu: gauni la bluu, kola nyeupe.

Amesimamishwa pale kuta mbili zinapokutana. Hana kiti wala mdoli. Viganja amevishikanisha mbele. Watu wanamsifu Modigliani kwa shingo ndefu na macho yasiyo na mboni, lakini mimi nilinaswa na ile mikono. Naujua mkao ule! Ni mtoto aliyeitwa sebuleni kusalimia wageni: shikamoo ameshatoa, ruhusa ya kuondoka bado.

Jumamosi nikawamba kitambaa cha marekani kwenye fremu, nikamsimamisha binti wa dada yangu, miaka saba, kwenye kona ya chumba changu.

"Mamdogo, nicheke?"

"Hapana mama, simama tu."

"Mikono niweke wapi?"

Sikumjibu. Baada ya muda ule uso wa kupigwa picha ukamtoka, vidole vikaanza kutafutana vyenyewe. Hapo ndipo nikachovya brashi.

Kilichonitesa ni bluu juu ya bluu, maana kuta za Modigliani nazo ni za bluu. Ukizembea, gauni linamezwa na ukuta. Mara mbili lilimezwa. Nikarudi kumwangalia yule binti, nikaona kola nyeupe na uso ndivyo vinavyomsogeza mbele. Nikaupausha ukuta wangu, kola nikaikoleza nyeupe, mtoto akatoka.

Jioni dada alikuja kumchukua mwanawe. Nilidhani ataniuliza jiwe liko wapi. Alisimama mbele ya turubai na mkoba bado begani, akanyamaza kitambo.

"Hivi ndivyo anavyosimama nikimgombeza," akasema, akamvuta mtoto ubavuni kwake.