Wanangu wanaongea Kiswahili cha Kitwe, mna shida gani?

Kuna kitu kinanikera na leo nakisema maana nimekinyamazia mno. Hapa Mbeya ukisema mgeni anayefanya kazi nchini watu wanawaza mzungu tu, yule wa mradi au wa misheni, ana gari refu na watoto wenye nywele za njano. Mume wangu naye ni mgeni, ana kibali cha kazi na cha ukaazi, anavilipia na kuvihangaikia kama hao wengine, ila kwa sababu katokea Kitwe, Zambia, na rangi yake ni ileile ya kaka zangu Wanyakyusa wa Tukuyu, hakuna anayemhesabu. Sawa, yeye mtu mzima anajimudu. Mimi naongelea watoto.

Jirani yetu ni dada Msafwa kaolewa na Mholanzi. Watoto wake wakiingia dukani wakasema "naomba mikate moja" duka zima linafurahi, jamani kanaongea Kiswahili, kanapewa na pipi ya bure. Wangu wakikosea vilevile, tena pengine kidogo kuliko wale, wanaambiwa wanajifanya. Wanaringa. Eti "mama yenu si ni Mnyakyusa, sasa hicho Kiswahili mmekitoa wapi?" Yani mmoja anapongezwa kwa kujaribu, mwingine anahojiwa. Na sina kinyongo na wale watoto, asilani, wanashinda kwangu wanakula makande hadi mama yao anakuja kuwachukua na tochi. Nachosema ni kwamba ngozi ya mtoto ndio inaamua kama lafudhi yake ni raha kuisikiliza au ni maringo.

Lafudhi yenyewe sasa. Mkubwa ni wa kike, ana miaka 14, kazaliwa Kitwe na kasoma kule madarasa ya mwanzo, na Kitwe ni Copperbelt, mji wa migodi ya shaba, mtaani Kibemba, darasani kwake Kiingereza, Kiswahili alikuwa anakisikia kwangu tu nikiwa nimekasirika au nikiongea na simu. Mdogo ni wa kiume, ana 9, huyu kalelewa sana na bibi yake mzaa baba kwahiyo Kibemba ndio kilimkaa mdomoni kwanza. Na Kibemba hakina r, alafu s ikikutana na i inakuwa sh, kwahiyo dogo anakwambia "shijui", "shipendi maharage", "habali yako mama". Mimi nasikia utamu tu. Wenzake darasani wakamgeuza kichekesho, wakawa wanamsemesha makusudi ili aseme.

Watoto kutaniana hiyo ni kawaida, ilikuwepo na itakuwepo. Ila mtu mzima na ndevu zake anamcheka mtoto kwa kusema "habali" hapa Mbeya? Panda kosta pale Uyole, pita Kiwira, shuka Tukuyu, kamsikilize mama yangu. Kinyakyusa nacho r hakina, huo mlima Rungwe wenyewe kwa wazee wetu ni Lungwe, na mama kasema "habali" tangu ujana wake hadi leo anaimba nayo kwaya na hakuna aliyewahi kumuuliza pasipoti. Dogo na bibi yake huyu ndio wanaoelewana kuliko watu wote kwenye ukoo, wanakaa jikoni wanamenya ndizi wanabadilishana l zao. Hata baba kwa Kibemba ni tata na kwa Kinyakyusa ni tata, mtoto alivyolisikia Tukuyu akadhani wanamuita baba yake kutoka Tunduma, kule mpakani anakofanya kazi.

Mambo ya salamu ndio yalinichosha zaidi. Zambia hakuna shikamoo. Mtoto wa kike aliyelelewa akikuta mkubwa anachuchumaa, anapiga viganja taratibu, anasema "mulishani mukwai", hiyo ndio heshima yenyewe. Sasa tumehamia hapa mkubwa wangu anamkuta mama mtu mzima barabarani, anachuchumaa, anapiga makofi yake madogo, mdomoni anasema "habari". Ukienda kuuliza unaambiwa binti hana adabu, anasalimia wazee kama wanafunzi wenzake! Mtoto kachuchumaa kwenye vumbi na sketi ya shule, jamani, mlitaka alale? Nikaitwa na shule kwa hilo. Nikawaeleza, wakatikisa kichwa, ila niliona kabisa hawajanielewa, kwao shikamoo haijatoka basi adabu haipo.

Tukuyu ikawa kinyume chake kabisa. Mama kumuona mjukuu anachuchumaa namna ile akaita majirani waje kuona, kwa sababu kwa Wanyakyusa wa zamani binti ndivyo alivyosalimia, na wasichana wa pale kijijini siku hizi wanapita na simu wanasema mambo bibi. Yule aliyeonekana hana malezi mjini, kijijini akawa ndio mfano. Nikamwambia mwanangu shikamoo iseme mjini na kuchuchumaa usiache, akaniangalia kama namuongezea kazi za shule.

Sehemu ambayo hakuna anayewashangaa ni Tunduma. Ni kama kilometa 100 tu kutoka hapa, mume wangu anafanya kazi za mizigo na makaratasi ya malori pale mpakani, wiki nzima yuko huko anarudi mwisho wa wiki, na likizo tunamfuata. Pale Wanamwanga wako huku na wako Nakonde, upande wa Zambia, mpaka waliuchora Mjerumani na Mwingereza bila kuuliza shamba la nani linaishia wapi. Muuza mitumba anakutajia bei kwa kwacha, unampa shilingi, anakurudishia mchanganyiko na maneno nayo mchanganyiko. Binti yangu ambaye Mbeya anaongea kwa kupima, pale mdomo unafunguka, anapatana bei kwa Kibemba na akiona anaibiwa anahamia Kiswahili. Nikimuona hivyo ndio najua hajawahi kuwa mtoto mpole, alikuwa anaogopa kuchekwa.

Ila pia nyie mnaosema hawajawa wa Mbeya vya kutosha subirini kidogo, wanakuja. Dogo siku hizi baba yake akimsemesha Kibemba anajibu kwa Kiswahili, tena hiki cha mtaani Mwanjelwa, hapahapa Mbeya. Baba hasemi kitu. Anarudia swali kwa Kibemba polepole kama vile mtoto hakusikia, na mtoto kasikia vizuri tu. Tumebishana sana mimi na yeye, anataka nyumbani kiwe Kibemba tupu, mimi nawaza mitihani na mtoto anayeletewa karatasi ya Kiswahili, alafu Kibemba changu mimi ni cha sokoni, nitamfundisha nini zaidi ya kununua kapenta, wale dagaa wa kule? Na tulivyoenda Kitwe binamu zao wakawapokea kwa kelele, "Watanzania wamekuja", dogo akawa anawapa shikamoo wazee wote wa mtaa, wanabaki wanamkodolea macho.

Na makaratasi nayo yanatusubiri. Watoto wana uraia wa Tanzania kupitia kwangu na wa Zambia kupitia baba, ila sheria yetu ya uraia ya 1995 inakubali hivyo kwa mtoto tu, akifika 18 akitaka kubaki Mtanzania aukane ule mwingine. Zambia wao waliruhusu uraia pacha kwenye katiba yao waliyoirekebisha 2016, kwahiyo kule hana shida, shida ni huku kwa mama. Mkubwa kabakisha miaka minne. Na msinishauri eti mume wangu achukue uraia basi tumalize, mwanamke wa nje akiolewa na Mtanzania sheria inampa njia ya kuomba kama mke, mwanaume wa nje aliyeoa Mtanzania hiyo njia hana, anapanga foleni na wageni wengine wote. Nimeshasema sana hili kwenye vikao vya ukoo, wajomba wananiambia ndio ukubwa huo.

Kwa sasa nahitaji kitu kimoja. Natafuta vitabu vya kusoma vya Kibemba, vile vya shule za msingi za Zambia madarasa ya chini, vyenye picha, kwa ajili ya huyu dogo kabla hajakipoteza chote. Baba yake kaulizia Nakonde hajapata. Mwenye ndugu anayetoka Kasama au Ndola aniandikie, hela natuma kabla. Na kama kuna wazazi wengine hapa mjini wenye watoto wa Zambia, Malawi, Kongo, popote, waleteni Jumamosi wacheze, kwangu kuna uwanja na mbwa hang'ati, anabweka kwa Kinyakyusa tu.