Kabati Lililokatwa Katikati: Nilivyoigawa Sebule Yetu ya Tudor

Kabla sijaeleza nilivyofanikiwa, sina budi kukiri kwamba aliyeliingiza lile kabati la futi 7 nyumbani kwetu ni mimi mwenyewe, ingawa shemeji yangu ndiye aliyenipa shauri hilo, na mpaka leo hajakubali kwamba lilikuwa shauri baya.

Tunaishi Tudor, Mombasa, ghorofa ya tatu, katika nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili vya kulala na ukumbi mmoja wa futi 11 kwa 23, ambao aliyeujenga aliona ndiyo fasheni kuuacha wazi kuanzia dirisha la mashariki hadi kwenye sinki la jikoni. Mlango wa kuingilia uko katikati ya ukuta mrefu, kwa hivyo mgeni akifunguliwa, kitu cha kwanza kukiona ni sufuria zangu. Akiwa mgeni mwanamume nami niko jikoni kichwa wazi, hunilazimu ama nikimbilie chumbani na mwiko mkononi, ama nijibanze nyuma ya friji mpaka mume wangu amkalishe na kumgeuza uso. Watoto nao walikuwa wakifanyia kazi za shule kwenye meza ileile ninayokatia vitunguu, na daftari la hesabu la binti yangu lilikuwa likinuka bizari kabla halijafika kwa mwalimu.

Mashauri hayakukosekana. Wifi yangu alisema nitundike kioo kikubwa ili ukumbi uonekane mpana, nikakitundika, nacho kikaakisi sinki, kwa hivyo yule mgeni wa mlangoni sasa akaziona sufuria pande mbili. Shemeji akaja na futi yake ya chuma, akapima bila kuombwa, akasema, "Shemeji, hapa dawa ni ukuta wa jipsamu mpaka juu." Mwenye nyumba alikataa katakata, na wakati ule nilimnunia, ingawa leo namuombea dua. Ndipo shemeji akaja na hili la pili: kabati refu, lenye milango upande mmoja, lisimame katikati ya ukumbi badala ya ukuta.

Lilitengenezwa na fundi wa mtaani kwetu kwa mbao za saiprasi na plaiwudi nene, kimo futi 7, upana futi 8, kwa vipande viwili vya futi 4 kwa sababu kipande kimoja kisingepita kwenye ngazi. Gharama yake siikumbuki sawasawa, na pengine sitaki kuikumbuka. Ilikuwa elfu thelathini na kitu, bila ya mahamali wanne walioongeza bei kila walipofika kwenye kona ya ngazi. Tulilisimamisha, ikabaki njia ya futi 3 ya kupitia, sote tukarudi nyuma kulitazama, na nakiri kwamba siku hiyo niliona fahari. Ulikuwa mwezi wa Februari.

Anayeijua Mombasa ataelewa kwa nini nimeutaja mwezi. Dirisha letu la mashariki hupokea kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi, kisha hupokea kusi, na upepo ule huingia hapo, ukapita ukumbi mzima na kutokea dirisha la jikoni. Nilikuwa nikiishi ndani ya upepo huo miaka minne bila kuuona, kama mtu asivyoyaona maji mpaka mfereji ukauke. Usiku wa kwanza tulilala tukidhani ni joto la kawaida. Siku ya pili nilikaanga samaki aina ya changu, na harufu yake ikakaa upande wa jikoni siku mbili nzima kama mgeni asiyejua kuaga, huku upande wa pili, dirishani, mume wangu akinung'unika kwamba hata gazeti halipeperuki. Taa ilikuwa moja tu, katikati ya dari, nayo sasa ilimulika mgongo wa kabati.

Sikutaka kumpa shemeji nafasi ya kubishana, kwa hivyo nilitafuta ushahidi. Nilichukua chetezo, nikatia makaa na ubani, maana moshi wake ni mweupe na mzito kuliko wa udi, nikakiweka chini ya dirisha la mashariki. Moshi ulikwenda hadi kwenye kabati, ukapanda, ukagonga dari, ukazunguka na kurudi kutushukia vichwani. Kisha nikawaita hamali wawili, tukalisogeza kabati hadi ukutani, nikarudia: moshi ukanyooka kama uzi, ukapita jikoni, ukatoka. Nilimwita shemeji aje aone. Akasema ubani wangu ni wa bei rahisi.

Ndipo nilipokumbuka nyumba ya bibi yangu Lamu, nyumba ya mawe ya kale, ambayo vyumba vyake ni virefu na vyembamba kwa kuwa boriti za mikoko zilizobeba dari hazifiki mbali. Mle ndani misana, yaani vyumba hivyo virefu, ilipangana mmoja nyuma ya mwingine, na kati yake hapakuwa na milango bali mapazia, hali mgeni wa kiume aliishia dakani, kwenye baraza za mlangoni, asione kinachopikwa wala anayekipika. Bibi hakuwa na feni, wala sikumbuki nikitoka jasho kwake. Kumbe mimi nilikuwa nimelizuia jicho na upepo kwa pamoja, wakati wazee walilizuia jicho peke yake.

Nilimwendea fundi, nikamwambia nataka alikate kabati. Alinyamaza kidogo, akaniuliza, "Mama, umegombana na nani?" Nikamweleza. Akasema hajawahi kuua kazi ya mkono wake mwenyewe, na kwamba kabati kama lile watu humtolea binti siku ya harusi. Lakini nilikuwa nimeshalichunguza usiku, nikagundua kwamba kwenye kimo cha futi 3 na inchi 4 palikuwa na rafu iliyogongomewa, isiyotoka. Nikamwambia asikate popote pale; apitishe msumeno juu tu ya rafu hiyo, nayo itageuka kuwa uso wa kabati la chini, bila kununua ubao hata mmoja. Alilitazama kabati, akanitazama mimi, akachukua penseli sikioni. Katika maisha yangu nimesifiwa mara chache na mafundi, na siku ile sikusifiwa pia, ila alinipunguzia mia tano.

Nikapata vipande vinne: viwili vya chini vyenye milango na viwili vya juu vyenye rafu. Safari hii sikutaka kukisia. Nilitoa leso zangu, yaani kanga, zile ninazozinunua Biashara Street kila nikiahidi kutonunua tena, kwa kuwa leso moja ina kama sentimita 150 kwa 110, na ukiikunja unapata kipimo chochote cha samani unachotaka. Nilizitandika sakafuni, hii kabati, hii meza, hizi viti, kisha nikabeba sinia la pilau tupu kwa mikono miwili na kuanza kuandaa karamu ya uongo, kutoka jikoni hadi dirishani, huku mwanangu akicheza mgeni na binti yangu akiwa mlango unaofunguka. Kila kiwiko changu kilipogusa ukuta au mguu wangu ulipokanyaga leso, leso ilisogezwa. Seti ya makochi niliyokuwa nimeipigia hesabu ilikufa palepale, kwani leso zake zilikula nusu ya ukumbi.

Badala yake niliweka majilisi, matakia ya kukalia sakafuni, na hapa niruhusiwe kujisifu kidogo. Matakia ya majilisi ya dukani yana bei ya kutisha, lakini magodoro ya wanafunzi wa bweni, ya futi 6 kwa 2½, unene inchi 6, hupatikana kila mahali. Nilinunua matatu. Moja nililiweka chini ya dirisha, mawili kwenye kuta za pembeni, na kwa kuwa 2½ na 6 na 2½ ni 11, yaliingia ukuta kwa ukuta, hata kidole hakipiti. Foronya nilizishona mwenyewe kwa kitambaa kizito chenye zipu ndefu. Usishone bila zipu, utajuta siku mtoto atakapomwaga chai. Mgeni wa kulala akija, sina haja ya kuhangaika, kitanda kiko tayari.

Kabati moja la chini nililisimamisha kando ya mlango, mgongo ukiwa upande wa jikoni, ili anayeingia ageuke mwenyewe kuelekea majilisi. Ndani ni viatu, juu ni funguo. Mume wangu hupaita hapo "dakani", kwa mzaha. Mgongo wa plaiwudi ulikuwa unatia aibu, nikaufunika kwa jamvi la ukili. Kabati la pili liko mpakani mwa jiko na ndilo ninalokatia vitunguu sasa. Juu yake linapita pazia jepesi la upana wote wa ukumbi, ambalo nimeliachia futi moja juu na shibiri moja chini, upepo upite. Bomba moja la pazia la futi 11 lilipinda katikati kama upinde, kwa hivyo weka mshikio wa kati tangu mwanzo. Mwenye nyumba aliruhusu matundu sita kwa sharti la kuyaziba tukihama. Ubani niliujaribu tena pazia likiwa limefungwa, na moshi ulipita, polepole kidogo, lakini ulipita.

Kipande kimoja cha juu kimekuwa rafu ya vitabu karibu na meza ya watoto, meza ya kukunja yenye bawaba ukutani, ambayo jioni hushushwa, kisha busati likatandikwa na sote tukala sinia moja. Taa niliongeza moja kila upande.

Sauti sijaiweza. Pazia halizuii mlio wa blenda wala ugomvi wa watoto, na mgeni akiwapo mimi hupika kimyakimya kama mwizi. Kile kipande cha nne bado kimeegemea ukuta chumbani kwetu, na wiki iliyopita shemeji alikuja na futi yake ya chuma, akakipima mara mbili, akauliza kama nitamuuzia, maana ana ukumbi wake anataka kuugawa.