Milan ya 1989 na Barcelona ya 2011: mechi mbili, sheria mbili

Juzi baada ya isha, pale Jaws Corner, baraza la kahawa la Mji Mkongwe, Unguja, kijana mmoja anayeuza simu Darajani alinambia mbele za watu: "Fundi, Barcelona ya 2011 ingeipiga Milan yako tano, na Messi angetolewa dakika ya sitini akapumzike." Watu wakaitikia. Nilimaliza kahawa yangu nikaondoka, maana jambo hili sitaki kulijibu kwa sauti ya juu. Leo mchana duka lilipotulia nimefungua daftari la vipimo vya kanzu, kurasa za nyuma, nikazichezesha timu hizo mbili za mpira kwenye karatasi.

Milan yangu ni ile iliyoanza Camp Nou tarehe 24 Mei 1989, fainali ya Kombe la Ulaya, ikaifunga Steaua Bucharest 4-0. Galli golini, Tassotti, Costacurta, Baresi, Maldini, Colombo, Rijkaard, Ancelotti, Donadoni, mbele Gullit na Van Basten. Wageni ni wale Waholanzi watatu tu, waliobaki wote Waitaliano. Barcelona ni ile ya fainali ya kombe lile lile Wembley, tarehe 28 Mei 2011: Valdés, Alves, Mascherano, Piqué, Abidal, Xavi, Busquets, Iniesta, Villa, Messi, Pedro.

Hiyo tano ya kijana naijua inakotoka. Tarehe 29 Novemba 2010 Barcelona iliifunga Real Madrid 5-0, Madrid ya Mourinho na Ronaldo. Lakini tarehe 19 Aprili 1989, nusu fainali, Milan nayo iliifunga Real Madrid 5-0 San Siro, Madrid ya Butragueño na Hugo Sánchez, na kila goli lilikuwa na mfungaji wake: Ancelotti, Rijkaard, Gullit, Van Basten, Donadoni. Kwa hiyo tano kwa tano tumeshatoka sare.

Aprili ile ilikuwa Ramadhani. Nilikuwa na miaka kumi, tunakaa Wete, na ami yangu alikuwa na redio ya betri ambayo mtoto haruhusiwi kuigusa. Matokeo tuliyapata kesho yake. Ami aliposikia tano aliizima redio, akaiwasha tena, kama kwamba redio ndiyo iliyokosea. Picha tulikuja kuziona baada ya zaidi ya mwaka, jamaa yetu wa Maskati alipotuma kanda ya video. Tuliiona ile kanda mpaka ikawa inakwaruza pale pale Ancelotti anapopiga shuti lake la mbali.

Fainali ya 2011 niliiona na ami huyo huyo, nilipokwenda Wete harusini. Umeme wa Pemba ulikuwa umetulia, waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulikuwa umefika mwaka mmoja nyuma, na banda la mpira lilijaa hadi madirishani. Barcelona 3, Manchester United 1. Ami hakusema neno mpaka tulipokuwa njiani tunarudi, ndipo akaniuliza habari ya Messi: "Huyu mfupi, mwanangu, Baresi angemwachia nani?" Swali hilo nimekaa nalo miaka yote hii.

Kosa letu mabarazani ni kuzichukua timu mbili na kuzimwaga uwanja mmoja bila kuuliza refa anatumia kitabu cha mwaka gani. Mpira wa 1989 na wa 2011 si mmoja. Mwaka 1989 mshambuliaji akiwa sambamba na beki wa mwisho alikuwa ameotea; sheria hiyo ilibadilishwa 1990. Tena kibendera kilikuwa kikinyanyuliwa mara nyingi hata kwa mtu aliyesimama pembeni asiyeugusa mpira. Kipa alikuwa anaruhusiwa kudaka kwa mikono pasi ya beki wake, mpaka 1992. Kumfyeka mtu kwa nyuma kulivumiliwa sana, mpaka Kombe la Dunia la 1998 marefa walipoambiwa watoe nyekundu. Kubadilisha wachezaji, wawili tu. Kila kimoja katika hivi kinagusa goli.

Na Milan ya kocha Sacchi ilishonwa kwa vipimo vya sheria zile. Sacchi alitaka kutoka beki wa nyuma mpaka straika wa mbele pasizidi mita 25 hivi. Mimi nakata nguo, kwa hiyo naliona kwa kitambaa: jora la yadi 30 ni mita 27 na kidogo. Likunjue jora moja uwanjani, watu kumi wa Milan wamo ndani yake na kitambaa kinabaki. Baresi, beki wa kati na nahodha, akinyanyua mkono, mstari mzima unapanda pamoja, na straika aliyebaki nyuma yao ameshaotea. Sijapata kuona mabeki wanne wengine wakipanda vile.

Basi nimeamua zicheze nyumbani na ugenini, kama vikombe vya Ulaya vinavyochezwa, na kila mwenyeji atumie sheria za mwaka wake. Goli la ugenini (jumla zikilingana, aliyefunga mengi ugenini ndiye anayepita) lilikuwa na uzito 1989 na 2011 vilevile, UEFA walikuja kuliondoa 2021, kwa hiyo hapo hapana mgogoro.

San Siro, nyumbani kwa Milan, sheria za 1989. Barcelona wanaushika mpira, hilo sibishani nalo. Lakini nafasi ya Villa kukata kutoka kushoto kupita nyuma ya Tassotti haipo, kwa sababu Pedro upande wa pili yuko sambamba na Maldini, na kibendera kiko juu. Nimewahesabia kuotea mara kumi na moja. Dakika ya 19 Donadoni anachonga kona, Gullit anaruka juu ya Mascherano kwa kichwa, 1-0. Mascherano alikuwa kiungo aliyewekwa beki, mtu mfupi, na Milan wana Gullit, Rijkaard na Van Basten hewani. Puyol yuko benchi. Hapa kijana wa simu hana jibu.

Sasa swali la ami. Baresi asingemfuata Messi. Ulinzi wa Sacchi ulikuwa wa kulinda sehemu, si wa kila mtu na mtu wake, kwa hiyo Messi akirudi katikati Baresi anabaki kwenye mstari wake, na Rijkaard anampokea, Ancelotti anambana ubavuni. Ila katikati Barcelona wana Xavi, Busquets, Iniesta na Messi mwenyewe, wanne kwa wawili. Colombo na Donadoni lazima waingie ndani kusaidia. Wakiingia, Alves anabaki peke yake na Maldini. Dakika ya 52 ndivyo ilivyokuwa: Alves, Xavi, Messi, 1-1. Dakika ya 74 Van Basten anageuka ndani ya kumi na nane na kupiga kabla Piqué hajaweka mguu. Milan 2, Barcelona 1.

Camp Nou, nyumbani kwa Barcelona, sheria za 2011. Nusu saa ya mwanzo Milan wanacheza vizuri kuliko nilivyotarajia, maana kukaba juu ni kukaba juu mwaka wowote. Lakini Pedro sasa anasimama pembeni bila kibendera kumgusa, na Villa anaanza kukimbia akiwa sambamba na Costacurta. Mkono wa Baresi unanyanyuliwa na refa hapigi filimbi. Mstari unaanza kurudi nyuma hatua moja, halafu mbili, na zile mita 25 zinakuwa 35. Kwangu mimi mechi iliishia hapo, kabla ya goli.

Goli lilikuja dakika ya 61. Tassotti amebanwa na Villa, anamrudishia Galli, na Galli hana ruhusa ya kudaka. Analazimika kupiga kwa mguu, Messi yuko mbele yake, mpira unapigwa mfupi, Iniesta, Pedro, 1-0. Van Basten alipata nafasi moja mwishoni. Nimeiandika, nikaifuta, nikaiandika tena, mara zote ukagonga mwamba. Jumla 2-2, Barcelona wanapita kwa goli la ugenini.

Nimeumia kuliandika. Lakini tano haikuwepo, na aliyeing'oa Milan ni sheria iliyotungwa miaka mitatu baada ya kombe lao.

Jioni nilimpigia ami Wete, nikamsomea yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Na ukungu umeutia?"

Anakumbuka Belgrade, Novemba 1988, njiani kuelekea kombe lile la 1989. Milan walikuwa wameshafungwa 1-0 na Red Star pale ukungu ulipoteremka refa akasimamisha mechi. Ikarudiwa kesho yake, wakatoka 1-1, Milan wakapita kwa matuta. Bila ukungu ule pasingekuwa na tano ya Madrid, wala kanda ya Maskati.

Nikamwambia, "Ami, Barcelona mwezi wa Mei hakuna ukungu."

"Kwani nani kakwambia uiweke Mei? Iweke Novemba, mwanangu, halafu unisomee tena."