Siku Niliyoisoma Kilwa kwa Kiajemi

Nilipokuwa mwanafunzi wa lugha mjini Tehran, mwalimu wetu wa fasihi alikuwa na desturi ya kuja darasani na kitabu kilichotafsiriwa kutoka Kiarabu, akatusomesha kurasa chache kwa zamu, huku akitusimamisha hapa na pale kutueleza mfasiri alikuwa nani na alifanya kazi hiyo katika hali gani. Siku moja ya majira ya baridi alileta safari za Ibn Battuta, msafiri wa Morocco wa karne ya kumi na nne, katika tafsiri ya Kiajemi ya Mohammad Ali Movahed iliyochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1958. Alijua kwamba mimi ni Mtanzania, lakini ilikuwa mara yake ya kwanza kuniuliza natoka sehemu gani. Nilipomjibu kuwa natoka Kilwa, alifunua kurasa haraka, akanisogezea kitabu na kusema, "Basi leo utasoma wewe. Hapa ni kwenu."

Nilisoma polepole. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akitokea Mogadishu na kupitia Mombasa, na akamkuta Sultani Abu al-Muzaffar Hasan, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake. Kisa nilichokisoma ni kile cha fakiri wa Yemen aliyemsimamisha Sultani baada ya sala ya Ijumaa na kumwomba nguo alizovaa mwilini. Sultani aliingia nyumbani kwa khatibu, akabadili nguo, kisha akamwambia fakiri aingie azichukue. Mwanawe alizikomboa nguo hizo kwa watumwa kumi, na Sultani, aliposikia jinsi watu walivyomsifu, akaamuru fakiri aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Nilipofika kwenye watumwa sauti yangu ilipungua, kwa sababu watu wale waliohesabiwa pamoja na pembe hawakutajwa hata jina, na huenda walichukuliwa kutoka bara, nyuma ya pwani yetu. Mwalimu hakunihimiza. Alisubiri mpaka nilipoendelea mwenyewe.

Mwanafunzi mmoja aliuliza kama ni kweli mji wote ulijengwa kwa mbao, maana ndivyo Ibn Battuta alivyosema. Nilieleza kwamba Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, na kwamba magofu ya Husuni Kubwa, jumba linalohusishwa na Sultani huyo huyo, yapo hadi leo. Mwanafunzi akataka kujua kwa nini basi mfasiri hakusahihisha. Mwalimu alijibu kwamba mfasiri amebeba amana ya mtu mwingine: akiona kosa ana haki ya kulieleza pembeni, lakini hana haki ya kuligusa ndani ya maneno ya mwenyewe. Nakubaliana naye mpaka leo.

Ndipo akatueleza habari za Movahed, na hapo ndipo nilipoanza kumheshimu mtu huyo. Alizaliwa mwaka 1923 huko Tabriz, mji ambao wenyeji wake huzungumza Kituruki majumbani, kwa hiyo alikuwa akihamisha maneno kutoka lugha aliyojifunza kwenda lugha nyingine aliyojifunza, na bado Kiajemi chake kinahesabiwa miongoni mwa nathari safi za zama zake. Kazi iliyompa riziki ilikuwa ya mafuta: alifanya kazi Abadan, mji wa mafuta kusini-magharibi mwa Iran, katika miaka ile mafuta ya Iran yalipotaifishwa, kisha akawa mwanasheria wa kampuni ya mafuta ya taifa. Fikiria mtu huyo anapofika kwenye ukurasa ambapo Ibn Battuta anaieleza Abadan kuwa kijiji kikubwa katika ardhi ya chumvi isiyolimwa, mahali alipokutana na mcha Mungu mmoja aliyejitenga na watu, akampa samaki. Baadaye anafika Tabriz, na msafiri anasimulia jinsi macho yake yalivyozidiwa na vito katika soko la masonara. Mfasiri alikuwa akiwasomea Wairani habari za mji aliozaliwa na mji aliofanyia kazi, kwa kalamu ya Mmorocco aliyepita huko zaidi ya miaka mia sita kabla yake.

Hakukomea hapo. Alihariri mazungumzo ya Shams wa Tabriz, sufi aliyekuwa mwalimu wa mshairi Rumi, kazi ngumu ya kupatanisha nakala za mkono, na pamoja na ndugu yake akatafsiri Fusus al-Hikam, kitabu cha tasawufi cha Ibn Arabi, ambacho hata wasomi wa Kiarabu hukisoma kwa kusitasita.

Kipindi kilikuwa kimekwisha, lakini mwalimu aliturudisha nyuma hadi Mombasa, kwenye maelezo ya watu wanaokwenda bila viatu, wanaochota maji kisimani kwa chombo cha mbao chenye mpini mrefu, wakanawa miguu mlangoni mwa msikiti na kuifuta kwenye mkeka mnene kabla ya kuingia. Niliwachorea ubaoni kata ya kifuu cha nazi, kama ile niliyoiona utotoni ikielea mtungini nyumbani kwetu, nikawaonyesha jinsi mpini unavyopita matundu mawili. Mwalimu aliunakili mchoro ule kwa penseli pembeni mwa ukurasa, akaniomba nimtajie tena jina la chombo hicho, kisha akatupangia kusoma sura ya Mogadishu kwa wiki iliyofuata.