"Niandike ngapi, fundi?"

Nimefika nyumbani saa mbili usiku, mikono bado ina kutu ya nondo. Naandika kabla sijaoga, maana kesho nitakuwa nimeshaipamba hadithi.

Tangu asubuhi nilikuwa Gerezani, pale Kariakoo, kununua nondo za nyumba tunayojenga Kibamba. Nondo 40 za milimita 12. Tukapatana 23,000 kwa moja, jumla 920,000. Kijana wa kaunta akaiacha mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, pembeni yake, akavuta kitabu cha risiti za mkono, akauliza bila hata kuinua macho: "Niandike ngapi, fundi?"

Walio kwenye ujenzi hawahitaji kuelezwa. Akiandika 27,000, mwenye nyumba anaona 1,080,000, na mimi nabaki na 160,000. Ndiyo cha juu. Site hakuna anayekiita wizi. Nimekuwa fundi miaka 14 na nimeshakila, tena miaka hiyo nikiwa naimba kwaya, sauti ya nne.

Mwenye nyumba yuko Uingereza, haji mpaka Desemba. Msingi ulipokwisha alinikata 200,000 kwenye makubaliano yetu, eti kazi imechukua siku chache kuliko nilizomwambia. Nimefanya haraka, nikaadhibiwa kwa kufanya haraka. Kwa hiyo pale kaunta moyo wangu haukuniambia niibe, uliniambia nijilipe. Ukanipa na andiko kabisa: mtenda kazi anastahili ujira wake.

Hapo ndipo nilipoogopa. Jumapili ya kwanza ya Kwaresima tulisomewa Mathayo 4, Yesu anapojaribiwa jangwani, na kama kawaida yangu akili ilibaki kwenye mawe na mikate, nikijua jaribu ni njaa. Kumbe pale juu ya hekalu Ibilisi hakuja na chakula, alikuja na Zaburi ya 91. Anaijua. Ila ukifungua Zaburi yenyewe utaona ameruka kipande, pale inaposema malaika watakulinda "katika njia zako zote". Na mimi nilikuwa nimeruka kipande changu: ujira huo unadaiwa kwa mwenye kazi, uso kwa uso. Haupitii kwenye risiti ya nondo.

Yesu alijibu mara zote tatu kwa Kumbukumbu la Torati. Mimi sikuwa na jibu la kupendeza. Nilisema tu, tena kwa sauti ndogo, "Nipigie ya mashine."

"Una uhakika, fundi?"

"Piga."

Akageuka kwa wapakiaji waliokuwa wanakunja nondo ziingie kwenye kirikuu, kale ka-pickup kadogo. "Leo fundi ameokoka!" Wakacheka wote. Sijui kwa nini kicheko kile kiliniuma kuliko ile 160,000. Kuonekana mshamba Kariakoo, kwa mtu aliyezaliwa Temeke, ni adhabu yake peke yake.

Mashine ikatema karatasi. Nikaipiga picha palepale na kumtumia mwenye nyumba kwa WhatsApp kabla gari halijawashwa. Wala haukuwa ushujaa. Najijua: risiti ile ingelala mfukoni hadi Kibamba, ningepata duka njiani la kuniandikia nyingine. Yusufu naye hakubaki chumbani kubishana na mke wa Potifa, aliacha vazi akakimbia.

Kisha, kwenye foleni ya Magomeni, likaja jaribu la pili ambalo sikulitegemea. Nikaanza kutunga ushuhuda wa Jumapili. Nilikuwa nimeshamaliza "Bwana asifiwe" ya kwanza, nimewapanga wapakiaji kama wapagani, na ile miaka niliyokula cha juu nimeifuta yote. Yule Farisayo wa Luka 18 naye alianza kwa kumshukuru Mungu. Nikamwomba dereva afungue redio.

Nyumbani nikamsimulia mama watoto. Akanyamaza, akaendelea kuchambua mchele. Baadaye akasema, "Hata elfu moja moja tu juu ya kila nondo?" Hiyo ni 40,000, na ndiyo hasa iliyobaki kwenye ada ya mtoto. Ni mtu wa maombi kuliko mimi, naye hakulisema kwa ubaya. Sikuwa na la kumjibu, nikatoka nje kidogo.

Nikiwa pale nje nikamwandikia mwenye nyumba kuhusu ile 200,000. Niliandika mara nne nikifuta, maana kila mara maneno yalikuwa yanatoka na hasira. Mwisho nikaandika kwamba makubaliano yalikuwa ya kazi, hayakuwa ya siku, na naomba alipe. Tiki mbili za bluu. Kimya mpaka sasa.

Luka anamalizia habari ya jangwani kwa kusema Ibilisi alimwacha akaenda zake "kwa muda". Nilikuwa nalipita neno hilo. Leo nilipokuwa napanda kirikuu, kijana wa kaunta alinipungia mkono akasema, "Ukija kwenye bati tutaongea."

Bati tunanunua Alhamisi. Nimemwomba mwenye nyumba awalipe dukani yeye mwenyewe kwa simu, hela isipite mikononi mwangu. Mama watoto ameuliza kama huo si uoga. Huenda ni uoga. Namba ya duka nimeshaituma.