Msiutukane Upepo

Assalaam alaykum warahmatullah, ndugu zangu.

Wiki hii moyo wangu umekosa utulivu. Ndugu yangu wa damu amekwama kulipa mkopo, nami ndiye mdhamini wake, kwa hiyo simu zinaita tangu alfajiri. Kila nikitaka kukimbia huku na huko kutafuta pa kushika, nawakumbuka Mabedui wa Rub' al-Khali, lile jangwa linaloanzia Saudia likaingia Oman, na Watuareg wa Sahara. Hao dhoruba ya mchanga wameizoea tangu utotoni.

Bedui akiona ukuta wa vumbi umepanda mbele yake, hashindani nao mbio. Anampigisha ngamia magoti, anajibanza ubavuni mwake upande wa demani, upepo usikopiga, anajifunika kichwa kizima, anangoja. Halali chini ya kilima cha mchanga, maana mchanga unaovuka kileleni humwagika huko na kumfukia mtu. Mwanamume wa Kituareg ana tagelmust, kilemba cha mita kadhaa kinachoziba pua na mdomo yakabaki macho tu. Ngamia naye Mola kamuumba na safu mbili za kope na pua zinazojifunga. Na maji yakiwa ni ya kunywa tu, Muislamu wa jangwani anatayamamu, yaani anajitwaharisha bila maji, kwa ardhi ile ile inayompiga usoni, anasali.

Lakini lililonishika zaidi ni ulimi. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametukataza kuutukana upepo. Ametufundisha kuwa unatoka kwa Mwenyezi Mungu, huja na rehema na huja na adhabu, basi tumuombe kheri ya upepo huo na tujikinge Kwake na shari ya upepo huo. Fikiria maneno hayo yaliwafikia watu gani! Watu wa mahema, ambao upepo ukiwajia huwang'olea vigingi, huwatawanyia mifugo, huwatia mchanga kwenye chakula. Hao ndio walioambiwa wasitukane.

Sisi je? Tukipigwa kidogo tu, utasikia: mwaka huu una nuksi, nyumba hii ina mkosi, fulani kanifanyia. Wapo wanaosali Maghrib msikitini, na usiku huo huo wanabisha hodi kwa mganga. Ndugu yangu, acha! Upepo haukujituma. Ukiutukana, jiulize unamnyooshea kidole nani.

Wala usidhani kuogopa ni upungufu wa imani. Bibi Aisha, radhi za Allah zimshukie, anasimulia kwamba mbingu zikifunga mawingu rangi ya Mtume ilibadilika, akawa anatoka na kuingia, anakwenda na kurudi, mpaka mvua inyeshe ndipo atulie. Alipomuuliza, akamjibu kuwa huenda wingu hilo likawa kama lile la kaumu ya Adi, watu wa kale walioangamizwa. Hao waliliona wingu linaelekea mabonde yao wakafurahi, wakasema, "Wingu hili la kutunyeshea mvua" (Al-Ahqaf 24), kumbe ni upepo uliowaandama masiku saba na michana minane. Ikiwa kipenzi cha Allah alihangaika hivyo, wewe unayekosa usingizi hujatoka kwenye dini. Hangaika, lakini hangaika ukimuelekea Yeye. Lia kwenye sijda. Mwambie kila kitu kama kilivyo, na kiasi cha deni umtajie, maana Anakijua na bado Anapenda uombe.

Na sisi wengine ambao kwetu kumetulia mwezi huu, tusisimame kando tukihesabu makosa ya aliyepigwa. Mpelekee unga. Kaa naye. Ukiwa huna, msomee dua.

Aliye na watoto awafundishe leo baada ya Isha maneno aliyoyasema Mtume upepo ulipovuma kwa nguvu: "Ewe Mola, nakuomba kheri yake, na kheri iliyomo ndani yake, na kheri ambayo upepo umetumwa nayo, na najikinga Kwako na shari yake, na shari iliyomo ndani yake, na shari ambayo upepo umetumwa nayo."